Njaa, Vinasaba na Unene: Utafiti wa Donald McLarty wa Muhimbili Ukitazamwa kutoka Mvumi

Utangulizi

Mvumi iko kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma, katika Wilaya ya Chamwino, kwenye nchi ambayo mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, na mara kwa mara hukoma kabla uwele haujakomaa. Hospitali ya Kianglikana iliyopo hapo imejulikana nje ya Tanzania kwa mambo mawili. La kwanza ni vitabu vya Paul White, daktari kutoka Australia aliyefanya kazi Ugogo kati ya mwaka 1938 na 1941, ambaye baadaye aligeuza visa vya wodini kuwa hadithi zilizosomwa na watoto wa mataifa mengi. La pili, ambalo lina uzito zaidi kwa makala hii, ni kazi ya Allen Foster, daktari wa macho aliyekuwa Mvumi kwa miaka kumi kuanzia 1975. Mwaka 1987 yeye na Alfred Sommer walichapisha uchambuzi wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Zaidi ya theluthi moja ya watoto hao walikuwa wametoka kuugua surua, na upungufu wa vitamini A ulikuwa miongoni mwa sababu kuu za upofu wao.

Kwa daktari wa Mvumi wa wakati ule, basi, ugonjwa wa lishe ulimaanisha upungufu. Kuuliza habari za unene mahali kama hapo kungeonekana kama kumuuliza mvuvi habari za ukame. Hata hivyo, nadharia mashuhuri kuliko zote kuhusu urithi wa unene na kisukari imejengwa juu ya njaa. Inadai kwamba binadamu wa leo ananenepa kwa sababu mababu zake walinusurika njaa. Dai hilo limetumika kueleza hali ya Waafrika, Wahindi, watu wa visiwa vya Pasifiki na wenyeji wa asili wa Marekani, na mara chache sana limelinganishwa na historia ya njaa fulani iliyotokea mahali fulani na kuua watu fulani. Ugogo ni mahali panapofaa kwa ulinganisho huo, kwa kuwa njaa zake zina majina, zina tarehe, na zimeandikwa.

Makala hii inafuatilia mambo mawili kwa pamoja: safari ya utafiti wa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili katika miaka ya 1980 na 1990, na njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920. McLarty hakuwa mtaalamu wa jeni. Alikuwa tabibu kutoka Scotland aliyehamia Dar es Salaam na kufundisha tiba. Lakini takwimu alizoziacha ndizo zinazotuwezesha kulipima swali la urithi kwa ushahidi wa Tanzania yenyewe.

Swali la Neel

Mwaka 1962 James Neel, daktari na mwanasayansi wa jeni wa Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha makala fupi kuhusu kisukari. Tatizo lililomsumbua lilikuwa rahisi kulieleza. Kisukari huenda katika familia, kwa hiyo kina asili ya urithi. Kinadhuru afya na uzazi, kwa hiyo jeni zinazokisababisha zilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Mbona zipo kwa wingi? Jibu lake lilikuwa kwamba jeni hizo ziliwahi kuwa na faida. Katika maisha ya kushiba leo na kushinda na njaa kesho, mtu ambaye mwili wake uliweka akiba haraka alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Shibe ilipokuwa ya kudumu, faida ile ikageuka kuwa madhara.

Katika makala hii jeni hizo zitaitwa jeni wekevu. Neno bahili, ambalo pia lingefaa kwa maana ya kamusi, linabeba lawama, na lawama ndiyo hasa inayopaswa kukaa mbali na mjadala huu. Mgonjwa mnene ameshalaumiwa vya kutosha.

Wanaomnukuu Neel husahau mara nyingi kwamba kichwa cha makala yake kilimalizika kwa alama ya kuuliza. Yeye mwenyewe alilirudia swali hilo mwaka 1982, na tena mwishoni mwa miaka ya 1990, kila mara akipunguza uhakika wa jibu lake la awali. Waliokuja baada yake waliliondoa alama ya kuuliza na kulifanya jibu.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulitambua. Mantiki ya Neel, kwamba jeni moja inaweza kuokoa katika mazingira fulani na kuua katika mazingira mengine, haikuzuka hewani. Neel alikuwa mmoja wa waliobainisha, mwaka 1949, namna selimundu inavyorithiwa. Mwaka huohuo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kuchukua sampuli za damu nchini humo akaona kwamba chembe za selimundu zilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na chache nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Ushahidi wa Allison ulikuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa na ramani: palipokuwa na mbu, palikuwa na jeni. Neel alichukua umbo la hoja hiyo akalihamishia kwenye kisukari, lakini ramani hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa amepima kama jamii zilizoteswa zaidi na njaa ndizo zenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kunenepa.

Muhimbili

McLarty alipoanza kazi Muhimbili, vitabu vya tiba vilisema kwamba kisukari ni nadra kwa Waafrika. Kauli hiyo ilikuwa na ukoo mrefu. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa ameandika mengi juu ya uchache wa magonjwa ya moyo na unene miongoni mwa wenyeji, na mwaka 1956 alichapisha habari za mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo kama jambo la kustaajabisha. Lakini uchache unaoonwa hospitalini unaweza kuwa na maana mbili: ama ugonjwa haupo, au wenye ugonjwa hawafiki. McLarty aliamua kwenda kupima.

Kwanza ilikuwa kliniki. Kati ya Juni 1981 na Mei 1987 yeye, Andrew Swai na wenzao waliwaandikisha wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari Muhimbili, wakawafuatilia. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba neno nadra halikuwa sahihi kwa Dar es Salaam. Mwaka 1985 kilianzishwa Chama cha Kisukari Tanzania, ambacho Swai na Kaushik Ramaiya walikuja kuwa nguzo zake.

Kisha vikaja vijiji, na hapa ndipo penye uzito wa kazi yake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1989. Watu 6,299 wa umri wa miaka 15 na kuendelea, katika vijiji sita, walipimwa kwa kunywa gramu 75 za glukosi na kutolewa damu, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Mtu yeyote aliyewahi kufanya utafiti vijijini anajua maana yake: watu maelfu waliofika asubuhi bila kula, wakanywa sukari na kusubiri saa mbili kivulini huku kazi za shamba zikiwangoja. Wenye kisukari walikuwa asilimia 0.87. Wenye uwezo pungufu wa kuhimili glukosi walikuwa asilimia 7.8.

Tarakimu ya kwanza ndiyo iliyonukuliwa kila mahali. Kwa maoni ya mwandishi, ya pili ndiyo iliyostahili kunukuliwa. Kisukari chenyewe kilikuwa kidogo sana, lakini nyuma yake kulikuwa na watu takriban mara tisa zaidi ambao miili yao, hata katika maisha ya jembe na chakula cha mtama na mahindi, ilikuwa karibu na mpaka. Msomaji wa Neel angesema: hao hapo, wenye jeni wekevu, wanangoja shibe. Msomaji mwenye tahadhari angekumbusha kwamba utapiamlo na maambukizi navyo vinaweza kuvuruga kipimo hicho.

Kikundi cha Muhimbili hakikurukia upande wowote. Badala yake kilipima jamii nyingine za nchi hiyohiyo. Ramaiya, Swai, McLarty na wenzao waliwapima Wahindu wa Dar es Salaam na mwaka 1991 wakatoa matokeo kwa kila jamii ndogo: Wapatel, Wabhatia, Walohana, Wajaini na wengine. Viwango vya kisukari vilikuwa juu kuliko vya vijijini, lakini vilitofautiana mno baina ya jamii hizo zenyewe, ambazo kwa mtazamaji wa nje ni kundi moja tu la Waasia. Somo lililomo ni kwamba jina la kabila au rangi ni kipimo butu cha urithi. Linabeba ndani yake chakula, kazi, kipato, dini na ndoa, na mtafiti anayelichukua kama kisawe cha jeni anajidanganya kabla hajafungua kitabu cha takwimu.

Mtunya

Tuirudie Ugogo. Jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza lilichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo. Waingereza walioiteka Dodoma mwaka 1916 wakafanya vivyo hivyo, na pande zote mbili zikachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zikakosekana. Gregory Maddox, aliyeiandikia njaa hiyo historia mwaka 1990, anakadiria kwamba huenda watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Jina la Mtunya amelifasiri kwa maana ya kugombania.

Kama jeni wekevu huchaguliwa na njaa, basi hapa ndipo zilipopaswa kuchaguliwa: mtu mmoja kati ya watano alikufa ndani ya miaka mitatu. Lakini tukiutazama mfumo wa kifo chenyewe, hoja inaanza kulegea. Katika Ugogo aliyenusurika hakuwa lazima yule mwenye akiba mwilini. Alikuwa mwenye ng'ombe waliofichwa porini askari wasiwaone. Alikuwa mwenye shemeji au rafiki nje ya eneo la ukame aliyeweza kumwendea. Kuna neno kwa ajili ya jambo hilo, kuhemea, yaani kusafiri kutafuta chakula penye chakula. Na aliyeweza kuhemea alikuwa mwenye miguu, mwenye kitu cha kubadilishana na mwenye ndugu wa kumpokea. Peter Rigby, katika utafiti wake wa ng'ombe na ukoo miongoni mwa Wagogo uliochapishwa mwaka 1969, ameonyesha jinsi mifugo ilivyotawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili balaa moja lisiimalize yote. Akiba ya Mgogo ilikaa katika mahusiano yake kabla ya kukaa katika nyama yake.

Mwaka 2008 John Speakman alitoa pingamizi kwa Neel ambalo linaingia vizuri hapa, ingawa hakuwa na Ugogo akilini. Alisema kwamba wengi wanaokufa njaani ni watoto wadogo na wazee, na kwamba wanakufa kwa maradhi yanayoandamana na njaa zaidi ya kukonda kwenyewe. Katika makundi hayo tofauti ya unene wa urithi ni ndogo, au haina tena athari katika uzazi. Mtunya ulikutana na homa ya mafua ya mwaka 1918. Nani atatenganisha waliokufa kwa mafua na waliokufa kwa kukosa chakula? Andrew Prentice, kwa kutumia uzoefu wa Gambia, alijibu kwamba njaa huchagua kwa njia ya uzazi: mwanamke aliyekonda hashiki mimba, na mwenye mafuta kidogo zaidi hushika. Hoja ya Prentice ina nguvu kuliko ya Neel mwenyewe. Hata hivyo, katika Ugogo wa 1917 mwanamke mwenye mafuta kidogo zaidi alikuwa nani? Yamkini ni yule wa nyumba yenye ng'ombe. Tukirudi nyuma, tunakuta tena utajiri na ukoo mahali tulipotafuta jeni.

Kuna ushahidi wa aina nyingine, na huu umetoka katika damu yenyewe. Sarah Tishkoff wa Marekani, Thomas Nyambo wa Muhimbili, Muntaser Ibrahim wa Sudan na wenzao walichunguza watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan kuhusu uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa. Walichapisha matokeo mwaka 2007. Walikuta mabadiliko ya jeni yaliyoenea miongoni mwa wafugaji wa Afrika Mashariki, tofauti na yale ya Ulaya, ambayo umri wake ulikadiriwa kuwa takriban miaka 2,700 hadi 6,800, na ambayo yalizungukwa na alama bayana za uteuzi wa asili. Huu ni mfano halisi wa chakula kuchonga vinasaba vya watu wa ukanda huu. Nao unatupatia kipimo cha kulinganishia: uteuzi unapokuwa mkali, huacha alama inayosomeka. Jeni za unene zilizogunduliwa hadi sasa, tukianzia na FTO mwaka 2007, kwa sehemu kubwa hazina alama ya namna hiyo. Mfano ulio karibu zaidi na matarajio ya Neel ulipatikana Samoa mwaka 2016, katika jeni iitwayo CREBRF. Na hata huo unashangaza, maana wenye aina hiyo ya jeni ni wanene zaidi lakini hatari yao ya kisukari ni ndogo zaidi.

Njia ya Barker

Mwaka 1992 Nicholas Hales na David Barker walitoa nadharia shindani. Kwao, uwekevu haurithiwi, hufundishwa tumboni. Mimba isiyopata chakula cha kutosha hupanga mwili wa mtoto kwa ajili ya dunia ya uhaba, na mtoto huyo akikutana na shibe ukubwani hupatwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Barker alikuwa amefanya utafiti Uganda kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, juu ya vidonda vya Buruli, mpaka utawala wa Amin ulipomfanya aondoke. Daftari lililojenga umaarufu wake, hata hivyo, halikuwa la Uganda bali la Hertfordshire, Uingereza, ambako wakunga waliandika uzito wa watoto tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Tofauti ya nadharia hizi mbili si ya wasomi peke yao. Kama Neel ana haki, unene wa mjukuu wa Mvumi anayeishi Dodoma mjini ulikwisha kuamuliwa na babu wa kale sana, na lililobaki ni dawa. Kama Barker ana haki, dawa ilipaswa kuanza na sahani ya mama mjamzito. Wizara yenye fedha kidogo haiwezi kuzifuata njia zote mbili kwa bidii sawa.

Kikundi alichokianzisha McLarty kilitoa ushahidi unaoipa uzito njia ya tatu, yaani mahali mtu anapoishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha wakazi wa Dar es Salaam na wa kijiji cha Kilimanjaro: wanaume wa mjini wenye kisukari walikuwa asilimia 5.9 na wa kijijini 1.7, wanawake 5.7 na 1.1. Hapo bado mtu angeweza kusema kwamba ni watu wa asili tofauti. Nigel Unwin na wenzake wakaziba mwanya huo kwa namna ambayo mwandishi anaiona kuwa hatua bora kuliko zote katika mfululizo huu wote. Waliwapata watu wa Morogoro Vijijini waliokuwa karibu kuhamia Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka, wakawafuata mjini na kuwapima tena kwa muda wa mwaka mmoja. Uzito wao ulikuwa umeongezeka, kwa wastani, zaidi ya kilo mbili. Ni watu walewale, wenye jeni zilezile na mama walewale. Kilichobadilika ni basi walilopanda na nyumba waliyoshukia.

Utafiti huo haukanushi urithi. Ndani ya kundi lolote linalohamia mjini wapo wanaonenepa upesi na wapo wasionenepa, na tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kurithi. Jeni zinaeleza nani katika basi lile atanenepa kwanza. Hazielezi kwa nini basi zima lilinenepa. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Umri na vipimo havikuwa sawa na vya McLarty, kwa hiyo tarakimu hizo haziwezi kuwekwa sambamba bila tahadhari. Lakini hata kwa tahadhari kubwa, miaka isiyofika thelathini haitoshi kubadili vinasaba vya taifa.

Vijiji ambavyo havikupimwa

Vijiji vya McLarty vilikuwa katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Dodoma haikuwamo. Katika utafiti wa kisukari uamuzi huo ulieleweka. Mtafiti huchagua mahali penye barabara, hospitali shiriki na watu wa aina mbalimbali. Lakini kwa swali la njaa na unene, pengo hilo ni kubwa.

Mathias Mnyampala, mshairi na mwanahistoria wa Wagogo, alizaliwa mwaka 1917, Mtunya ulipokuwa unaanza. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, na mwenyewe alifariki mwaka 1969. Wengi wa rika lake waliishi kumzidi. Wakati timu ya Muhimbili inazunguka vijijini na chupa za glukosi katika miaka ya 1980, watoto waliotungwa mimba na kuzaliwa ndani ya Mtunya walikuwa na umri usiopungua miaka sitini na kadhaa, na walikuwa bado wanapatikana Mvumi, Ihumwa na Mpwapwa. Mwaka wao wa kuzaliwa haukuhitaji cheti, kwa kuwa njaa yenyewe ilikuwa kalenda. Wangeweza kulinganishwa na ndugu zao waliozaliwa kabla ya vita na wale waliozaliwa baada ya mvua kurudi: baba mmoja, mama mmoja, jeni za ukoo mmoja, tumbo la njaa na tumbo la shibe. Wanahistoria waliijua njaa hiyo, na matabibu walikuwa na kipimo. Makala ya Maddox ilitoka mwaka mmoja baada ya ile ya Lancet, katika jarida ambalo matabibu hawalisomi, na rika lile sasa limekwisha kuzikwa.